Dakika 40 na Tarumbeta la Don Cherry: Namna ya Kuisikiliza Complete Communion Ukiwa Kusini

Ukitaja jazi mbele ya wazee wa Mtwara, mazungumzo yanakwenda moja kwa moja kwenye bendi za zamani: Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, au Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, iliyobeba jina la huku kwetu ingawa maskani yake yalikuwa Dar es Salaam. Zile zilikuwa bendi za dansi. Mtu alikwenda ukumbini kucheza, na gitaa lilimwongoza tangu wimbo unaanza mpaka unakwisha.

Albamu ninayoiandikia mwongozo huu ni jazi ya namna nyingine. Jina lake ni Complete Communion, na kiongozi wake ni Don Cherry, mpuliza tarumbeta aliyezaliwa Oklahoma City, Marekani, mwaka 1936 na kukulia Los Angeles. Aliirekodi tarehe 24 Desemba 1965 kwenye studio ya Rudy Van Gelder, Englewood Cliffs, jimbo la New Jersey, na kampuni ya Blue Note ikaitoa mwaka uliofuata. Wapigaji ni wanne. Hakuna anayeimba. Kila upande wa sahani ya santuri ni kipande kimoja kirefu cha dakika 20 hivi, bila kituo. Wenye fani wanauita muziki huu jazi huru, kwa sababu mpigaji akiachiwa uwanja hafungwi na mzunguko wa sauti uliopangwa kabla. Anakwenda wimbo unakompeleka, na wenzake wanamfuata, wanambishia, au wanamwacha peke yake kwa muda.

Mara ya kwanza niliizima dakika ya nne. Niliirudia miezi kadhaa baadaye nikiwa na mjomba wangu, mtu wa ngoma, na usiku ule ndio ulionifanya niandike haya. Watu wa Kusini tunayo tayari masikio ya muziki huu. Tumeyapata kwenye ngoma za jando, kwenye sindimba, kwenye matarumbeta ya harusi. Kinachotakiwa ni kujua uyaelekeze wapi kwanza, na wapi baadaye.

Chombo, mahali na saa

Kama nyumbani una sabufa, usiitumie kwa albamu hii, au punguza besi yake mpaka chini kabisa. Sabufa zetu zinavimbisha sauti nene mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Hapa besi ni la mbao, kubwa, la kusimama, linapigwa kwa vidole. Likivimbishwa unapoteza mguso wa kidole kwenye uzi, na mguso huo utauhitaji sana siku ya tano ya mwongozo huu. Hedifoni za kawaida za sokoni zinatosha, mradi masikio yote mawili yanafanya kazi. Spika mbili ndogo zilizotenganishwa hatua mbili nazo ni sawa.

Pakua albamu yote kabla hujaanza. Ukiisikiliza moja kwa moja kutoka mtandaoni, bando litakatika au tangazo litaingia katikati, na kipande cha dakika 20 kikikatwa katikati inabidi ukianze upya. Chaji simu mapema, umeme wetu tunaujua. Hakikisha pia kwamba programu yako haichanganyi nyimbo: upande wa kwanza unabeba jina la albamu yenyewe, wa pili unaitwa Elephantasy, na mpangilio huo uheshimu.

Nyumba ya bati wakati wa mvua haifai. Mvua ya Februari ikishuka juu ya bati, hata uweke sauti ya mwisho, matoazi yote yanamezwa. Mimi nasikiliza saa tatu usiku, barazani, mji ukiwa umetulia na upepo wa bahari unaingia. Usiku una faida moja kubwa, nayo ni kwamba hakuna anayekutuma popote.

Halafu jambo la muhimu kuliko chombo. Usisikilize dakika zote 40 kwa mkupuo. Chukua upande wa kwanza tu, mara moja kwa siku, kwa siku tano. Kila siku unampa sikio mtu mmoja au jambo moja. Hivi ndivyo mtu anavyojifunza ngoma pia: hawezi kukaa kwenye ngoma kubwa siku ya kwanza, anapewa kwanza ile ndogo ya vijiti, anaizoea mpaka mkono unakwenda wenyewe.

Siku ya kwanza: kaa tu

Usifanye kazi yoyote. Usishike simu. Acha muziki uende dakika 20 mpaka mwisho hata kama hujui uko wapi.

Kitu kimoja tu nakuomba usikifanye: usisubiri kiitikio. Masikio yetu yamelelewa na taarabu, dansi na bongo fleva, na kote huko kiitikio kinarudi kila baada ya ubeti kama mlango wa nyumba yako. Ukikisubiri hapa utajiona umepotea njia, utakasirika, utazima. Nilivyofanya mimi.

Labda utajiuliza kwa nini sauti zinaonekana zimeachana, kama watu wanne waliosimama mbali mbali uwanjani. Sababu ni kwamba hakuna kinanda wala gitaa. Kwenye bendi ya dansi, gitaa la ridhimu ndilo linalojenga sakafu: linapiga sauti kadhaa kwa pamoja, linazizungusha, na kila mwimbaji anajua akanyage wapi. Ukiliondoa gitaa hilo, mpuliza tarumbeta hana wa kumwambia "sasa twende huku". Ametolewa ndani ya nyumba, amewekwa uwanjani. Uwazi huo kati ya sauti wameuacha makusudi, na ukishauzoea utaona muziki uliojazwa magitaa unakubana.

Siku ya pili: fuata ngoma

Leo sahau tarumbeta kabisa. Mpe sikio Ed Blackwell, mpiga dramu, mzaliwa wa New Orleans mwaka 1929.

Mji ule una desturi ambayo mtu wa Mtwara haoni ajabu kuisikia. Bendi za kupuliza zinatembea barabarani, kwenye sherehe na hata kwenye mazishi. Kwenda makaburini wanapiga polepole kwa huzuni, kurudi wanachangamsha, na watu wa mtaani wanajiunga nyuma wakicheza. Sisi tuna matarumbeta yanayompeleka bibi harusi juu ya gari, watoto wa mtaa mzima wanakimbia nyuma. Babu zetu walikuwa na beni, ngoma ya sare na tarumbeta, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana nani amependeza na nani amepuliza vizuri. Blackwell alikulia kwenye midundo ya barabarani namna hiyo, na miaka yote alipopiga jazi huru, barabara ile haikumtoka mikononi.

Sasa nije kwa mjomba. Amepiga ngoma tangu ujana wake, juu kwenye uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Alikuwa ameshuka mjini kwa shughuli za korosho, amelala kwangu. Nikamwamkia, nikampa chai, nikaweka simu mezani bila maelezo. Alisikiliza ameinamisha kichwa dakika tano nzima. Kisha akauliza:

"Wapiga ngoma hapa ni wangapi?"

"Mmoja, mjomba."

"Mmoja? Rudisha."

Nikarudisha mwanzo. Safari hii akavuta dumu la maji lililokuwa tupu, akaanza kugonga kwa vidole, taratibu, akitafuta. Akaupata mdundo mmoja, akauacha, akaupata mwingine. Baadaye ndipo akaniambia neno lililonifungua masikio: "Huyu ngoma zake amezipasha."

Kwa msomaji asiyekulia karibu na ngoma, nieleze. Ngoma ya ngozi ikipoa inalegea, sauti inakuwa nzito, inakufa. Kwa hiyo kabla ya kupiga tunawasha moto wa majani makavu, tunazielekeza ngozi motoni mpaka zikaze, na kila ngoma inakazwa kwa kiwango chake ili zisilie sauti moja. Fundi anagonga, anasikiliza, anarudisha motoni. Blackwell hakuhitaji moto, dramu zina skrubu za kukazia, lakini kazi ni ileile: alizikaza ngoma zake ili kila moja iwe na sauti yake, mpaka akipiga unaweza kuufuata mdundo kama wimbo, kwa kuuimba. Mjomba aliisikia kazi hiyo kabla sijamwambia jina la mtu.

Na swali lake la kwanza lilikuwa na maana. Kwenye ngoma zetu kila mpigaji ana mdundo wake: wa vijiti vyembamba anakwenda mbio bila kubadilika, wa katikati anajaza, na wa ngoma kubwa anaongea. Blackwell anaweka watu hao wote kwenye mikono miwili na miguu miwili.

Kazi yako ya siku ya pili ni hii. Dakika tano za mwanzo, fuata toazi tu, ule mlio wa shaba unaotiririka juu. Dakika tano zinazofuata, liache toazi, ufuate ngoma zake za ngozi, za juu na za chini, na ujaribu kuzigonga pajani. Utakosea, endelea. Dakika zilizobaki, sikiliza anapobadilisha. Kila anapobadilisha mdundo, jiulize: je, ameitwa na mtu, au yeye ndiye amewaita wenzake? Jibu halitakuwa moja. Ukiliona hilo, umeshaingia ndani.

Siku ya tatu: mdomo na tarumbeta

Ala anayoipuliza Cherry hapa kwa kweli ni koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Mrija wake umekunjwa zaidi na unapanuka taratibu kuelekea mwisho wake mpana unakotokea sauti, ndiyo maana sauti yake ni ya mviringo kidogo, haina makali ya tarumbeta la gwaride. Watu wengi wanamkumbuka Cherry kwa tarumbeta dogo la mfukoni, lile linaloonekana kama kitu cha mtoto ingawa ukiunyoosha mrija wake unalingana na wa tarumbeta la kawaida. Vyote viwili vinapulizwa kwa namna moja, kwa hiyo katika mwongozo huu nitaendelea kusema tarumbeta.

Nina rafiki anayepiga matarumbeta ya harusi hapa mjini. Nilimsikilizisha kipande, na mwanzoni hakufurahi. "Anapasua," aliniambia. Maana yake ni kwamba noti inatoka na ufa, au inaanza kwenye sauti moja na kuangukia nyingine. Kwenye kazi yake, ukipasua mbele ya wazazi wa bibi harusi, kiongozi wa bendi atakuja kukusemea pembeni.

Lakini huyohuyo ndiye aliyenieleza kwa nini noti inapasuka, na maelezo yake ndiyo ninayokupa. Tarumbeta lina vibonyezo vitatu tu. Sauti nyingi namna ile zinatoka wapi? Zinatoka midomoni. Bila kubonyeza chochote, mpulizaji akikaza midomo anapata sauti ya juu zaidi, akilegeza anapata ya chini, kama wanavyofanya askari na tarumbeta la kambini lisilo na kibonyezo hata kimoja. Kila mbonyezo una sauti kadhaa zinazokaa jirani, na ni misuli midogo ya midomo inayochagua ipi itoke. Ukiteleza kidogo, unaangukia kwa jirani. Ndiyo kupasua.

Mpigaji mwenye hofu anakaa katikati ya eneo lake salama ili asiteleze. Cherry hakai. Anaikimbilia noti kutoka mbali, wakati mwingine anaikuta, wakati mwingine anaigusa ukingoni, na ile hali ya kutojua kama ataifikia unaisikia kwenye pumzi yake. Wako waliomlaumu maisha yake yote kwamba si msafi. Mimi naona wamekosea. Mwimbishaji wa ngoma ambaye sauti inamkauka alfajiri, bado anaongoza, huwa anakuingia kifuani kuliko aliyetoka kulala. Rafiki yangu tulipofika mwisho wa upande hakusema tena neno la kupasua. Alisema, "Ana pumzi fupi fupi, kama anaongea." Ndivyo. Sikiliza siku ya tatu kama unamsikiliza mtu anaongea: sentensi fupi, kituo, swali, kurudia neno alilolipenda, kituo tena.

Kuna habari nyingine ya kumfahamu Cherry. Mwaka 1965 alikuwa anaishi na kupiga Ulaya, hasa Paris, na alikuwa na kawaida ya kutembea na redio ndogo ya masafa mafupi. Akisikia wimbo wa nchi yoyote unampendeza, anaukamata, anaupeleka kwenye bendi. Wazee wetu wanaijua kazi ile ya usiku: unazungusha kitufe polepole, unasikia upepo na mikwaruzo, ghafla unatokea wimbo wa mahali usipopajua, unabaki nao mpaka upotee. Nyimbo za albamu hii zina tabia hiyo. Zinatokea ghafla, ni fupi, zinaimbika, na zinapotea kabla hujazishiba.

Siku ya nne: kamata nyimbo zinazorudi

Hii ndiyo siku kubwa. Chukua daftari, kalamu, na simu inayoonyesha dakika.

Upande wa kwanza una nyimbo nne zilizounganishwa: Complete Communion, And Now, Golden Heart na Remembrance. Kwenye simu utaona jina moja tu, hakuna alama inayokuambia moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Kuzitafuta ni kazi yako, na usitafute majibu kwa mtu. Alama zako mwenyewe zitakufundisha zaidi.

Fanya hivi. Tarumbeta na saksafoni zikipiga pamoja sauti ileile, mstari uleule, kama watu wawili wanaoimba maneno yaleyale, andika dakika. Hapo ni wimbo ulioandikwa, wote wanaujua. Wakiachana, mmoja akabaki anaongea peke yake huku dramu na besi zinakwenda chini yake, andika tena. Hapo ameachiwa uwanja. Ukisikia mstari uliowahi kuusikia umerudi, weka nyota.

Ukimaliza dakika 20 utakuwa na ukurasa wenye nyota, na nyota hizo ndizo jibu la malalamiko ya kila mtu anayesikia jazi huru mara ya kwanza: "Mbona kila mtu anapiga lake?" Hapigi lake. Mtu anapokuwa ameachiwa uwanja, anabeba vipande vya nyimbo zile nne, anavivunja, anavigeuza. Halafu kuna wakati yeyote kati yao anaweza kuinua kipande cha wimbo ambao haujafika zamu, na wenzake wakimsikia wanauingia hapohapo. Zamu yenyewe inatokana na kusikilizana.

Hebu kumbuka ngoma ya usiku. Mwimbishaji anaanza wimbo, watu wanaitikia, wanauzungusha mpaka uwe mtamu. Je, ngoma husimama ili aanze mwingine? Haisimami. Wapigaji wanaendelea, yeye anapenyeza mstari wa kwanza wa wimbo mpya katikati ya ule wa zamani, aliye karibu anaudaka, wa nyuma wanaudaka, na baada ya muda mfupi uwanja mzima umehamia kwingine bila tangazo. Wakati mwingine anaupenyeza na watu hawaudaki. Anauacha, anarudi nao baadaye. Mgeni aliyesimama pembeni anaona fujo. Mwenyeji anajua nyimbo zote, kwa hiyo anasikia kila mlango unavyofunguliwa.

Cherry alifanya hivyo hivyo na watu watatu, studio, mkesha wa Krismasi. Wewe kwa sasa ndiye mgeni wa pembeni, kwa sababu hujui nyimbo. Basi zijue. Ukishapata nyota zako, rudi kwenye kila sehemu ambayo ala mbili zinapiga pamoja, uisikilize mara tatu, uimbe kwa mdomo "la la la" mpaka ikae. Ni mistari mifupi, utaweza. Halafu kesho yake ukiucheza upande wote utashangaa: mahali ulipodhani mtu anahangaika, utamsikia ananong'ona nusu ya mstari unaoujua, na Blackwell kule nyuma ameshausikia na anamsogezea mdundo wake.

Mimi hili lilinichukua zaidi ya siku moja. Kama daftari lako la kwanza limevurugika, lichane, anza upya kesho.

Siku ya tano: besi na saksafoni

Besi ni la Henry Grimes, kutoka Philadelphia. Sasa tumia ule mguso wa kidole niliousema mwanzo. Bila kinanda wala gitaa, yeye ndiye ardhi pekee waliyonayo wenzake, na bado hakubali kuwa ardhi tu. Sikiliza anavyoacha kutembea hatua kwa hatua na kuanza kujibu. Maisha ya mtu huyu yananigusa kila ninapomsikia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alitoweka kwenye muziki. Hakuwa na besi tena, aliliuza, akaishi Los Angeles kwa kazi ndogo ndogo za mikono, na wengi waliamini amekufa. Mwaka 2002 mtu mmoja aliyependa kazi zake alimtafuta mpaka akampata. Mpiga besi mwenzake, William Parker, akamtumia besi, na Grimes akarudi jukwaani akapiga miaka mingi mpaka alipofariki Aprili 2020. Zaidi ya miaka 30 bila chombo, na vidole vilikumbuka.

Saksafoni ni ya Gato Barbieri wa Rosario, Argentina. "Gato" ni paka kwa Kihispania. Sauti yake ni kubwa, ina mikwaruzo, inalia. Hahitaji maelezo mengi: ndiye utakayemsikia bila kumtafuta. Angalia tu kwamba anapolia sana, Cherry hashindani naye kwa nguvu, anamchomekea mistari mifupi chini na pembeni.

Upande wa pili

Ukishaujua upande wa kwanza namna hii, wa pili hauhitaji siku tano. Mbili zinatosha: moja ya kukaa tu, moja ya daftari. Nyimbo zake nne ni Elephantasy, Our Feelings, Bishmallah, na Wind, Sand and Stars.

Ndiyo, Bishmallah, kwa tahajia hiyo. Ukiona neno tunalolitamka kabla ya kula, kabla ya kusafiri, kabla ya kuingia chomboni, limeandikwa kwenye albamu ya Wamarekani na Mwargentina ya mwaka 1965, linakusimamisha. Sitakuambia ni dakika ya ngapi. Lisikilize mwenyewe, na ulitie nyota.

Kwa maoni yangu upande wa kwanza umefumwa vizuri zaidi. Mjomba anapinga, yeye anapenda wa pili.

Usikilize na nani

Mtu mmoja au wawili, si zaidi, na angalau mmoja awe amewahi kushika ngoma, zumari au tarumbeta. Wapigaji wanasikia kwa mikono. Usiwaeleze kwanza, waache wagonge dumu. Ukiwa na mzee, mpe kiti chenye mgongo na umuulize baada ya kumaliza, siyo katikati.

Kama baada ya siku ya nne bado huipendi, iweke pembeni bila kujilaumu. Kabla ya siku ya nne usiihukumu, kwa sababu bado hujazijua nyimbo zake.

Ukitaka kuendelea

Aliyevutwa na ngoma atafute Mu, ambayo Cherry na Blackwell waliirekodi wawili tu, Paris, Agosti 1969. Humo Cherry anapiga pia filimbi na kinanda, na Blackwell anapata nafasi yote anayoitaka. Mjomba ameniomba nimwekee hiyo kwenye flashi apande nayo Newala.

Aliyevutwa na kusikilizana kwa wengi aende kwa Ornette Coleman, mpuliza saksafoni na bosi wa zamani wa Cherry, kwenye albamu iitwayo Free Jazz, iliyorekodiwa tarehe 21 Desemba 1960. Ni bendi mbili za watu wanne wanne zinazopiga kwa wakati mmoja, dakika 37, na hapo hedifoni si hiari tena. Sikio la kushoto lina Coleman, Cherry, besi la Scott LaFaro na dramu za Billy Higgins. La kulia lina tarumbeta la Freddie Hubbard, besi la Charlie Haden, Blackwell, na Eric Dolphy akipuliza klarineti ya besi. Klarineti kwa kawaida huchongwa kwa mpingo, mti uleule unaokatwa kwenye misitu ya Kilwa.

Vaa hedifoni kwa kufuata herufi zake, L kushoto, R kulia. Upande ambao umeshamzoea mpiga dramu wake ni wa kulia. Anza na huo.